Maji ya Chupa Yasitusahaulishe Bomba la Wote

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Kariakoo

Kila mwezi mtukufu wa Ramadhani unapokaribia, kamati za misikiti ya Kariakoo na mitaa ya jirani hukaa kupanga futari. Huhesabiwa tende, sukari, unga wa uji, viazi vitamu na mihogo. Kisha hufikiwa mstari wa maji. Hapo zamani mstari huo haukuwa na mjadala. Palikuwa na mtungi au ndoo yenye mfuniko, kata moja na vikombe vichache, na mfungaji alikata kiu yake akamshukuru Mola wake. Siku hizi mstari huo huandikwa katoni za maji ya chupa, na kwa baadhi ya misikiti umekuwa miongoni mwa mistari mizito ya bajeti nzima.

Tupige hesabu ndogo. Msikiti unaofuturisha watu 300, kila mmoja akapewa chupa moja ya nusu lita, utatumia chupa 9,000 katika siku 30. Maji yaliyomo ndani ya chupa hizo zote ni lita 4,500. Hayo ni maji ambayo tangi moja la lita 5,000, mfano wa matangi tunayoyaona juu ya mapaa ya Mtaa wa Sikukuu au Narung'ombe, lingeyachukua yote kwa mara moja na kubaki na nafasi. Katika mita ya maji, kiasi hicho hakifiki hata uniti tano, kwani uniti moja ni lita 1,000. Tena bei ya uniti moja ya maji ya bomba haifiki bei ya katoni moja ya chupa ndogo, ambayo ndani yake mna lita 12 tu.

Hivyo, fedha yetu kwa sehemu kubwa hatuitoi kwa ajili ya maji. Tunailipia plastiki, usafirishaji, na zaidi ya yote tunalipia utulivu wa moyo, kwa sababu bomba hatuliamini. Makala haya hayakusudii kumhukumu anayenunua maji ya chupa. Tunachotaka kuuliza ni hiki: je, kila mwenye uwezo akinunua utulivu wake mwenyewe ndani ya chupa, ni nani atakayebaki kulitunza bomba la wote?

Hofu yenye msingi

Tuanze kwa kukiri kwamba hofu ya watu si ya kubuni. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kiliibuka hapa Dar es Salaam, kisha kikaenea katika mikoa mingi ya nchi yetu. Familia nyingi za mji huu zilijifunza wakati ule kuosha mikono kwa sabuni, kuchemsha maji na kutilia shaka kila glasi ya mitaani. Mzazi aliyekesha na mtoto anayeharisha hahitaji kusomewa hotuba juu ya hatari ya maji machafu.

Kariakoo ina sababu zake za ziada. Viwanja ambavyo zamani vilikuwa na nyumba moja ya vyumba sita na ua, leo vina maghorofa yenye maduka, stoo na makazi. Wanaoingia sokoni mchana ni wengi kuliko wanaolala huku. Chemba za maji taka hufurika mara kwa mara, na mvua ikinyesha, maji ya mtaro na maji ya chemba huchanganyika barabarani. Mwenye macho akiyaona hayo, kisha akafungua bomba, moyo wake husita. Kusita huko ni busara.

Hata hivyo, busara hiyo inatakiwa itufikishe kwenye swali linalofuata: maji ya bomba huchafukia wapi?

Safari ya maji kutoka Uluguru hadi kikombeni

Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu, ambao hupata maji yake katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Mtambo wa Ruvu Juu, ulioko Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959, na ule wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, mwaka 1976. Yote miwili ilipanuliwa katika miaka ya karibuni: Ruvu Chini kutoka lita milioni 180 hadi milioni 270 kwa siku, na Ruvu Juu kutoka lita milioni 82 hadi milioni 196.

Mtamboni maji hutiwa dawa ya jamii ya shabu ili tope lijikusanye na kuzama, yakachujwa kwa mchanga, kisha yakatiwa klorini ya kuua vijidudu. Klorini kidogo huachwa ndani ya maji kwa makusudi, iyalinde njiani. Kwa hiyo ile harufu ya dawa ambayo wengi wetu huilalamikia asubuhi si dalili ya uchafu. Ni dalili kwamba ulinzi uliotoka na maji mtamboni haujaisha.

Tatizo huanza baada ya hapo. Bomba lililojaa maji yenye msukumo hutoa maji nje pale penye ufa. Maji yakikatika, msukumo huondoka, na bomba lile lile huanza kuvuta ndani kilichoko nje yake. Kama pembeni pana maji ya chemba, ndiyo yatakayoingia. Ndiyo maana mgao wa maji ni suala la afya, licha ya kuwa adha kwa watu. Oktoba 2022 wakazi wa jiji hili walitangaziwa mgao baada ya maji ya Mto Ruvu kupungua kwa ukame. Mwezi Novemba mwaka ule ule maji ya visima virefu vya Kigamboni yakaanza kuingizwa katika mtandao ili kupunguza makali. Kila maji yanaporudi baada ya kukatika, yale ya mwanzo yanayotoka yakiwa na rangi yaachwe yapite, yatumike kuoshea uwanja au choo, yasinywewe.

Ukiacha bomba la mtaani, lipo tangi la jengo. Hapa lawama haziendi kwa mamlaka yoyote, maana tangi ni letu. Ni mara ngapi kamati, au mwenye nyumba, amepanda juu kutazama ndani ya tangi lake? Mfuniko uliopasuka huingiza vumbi, ndege, mende na mbu. Tope la miaka hulala chini, na klorini iliyotoka mtamboni huishia kupambana na tope hilo badala ya kuyalinda maji. Baadhi ya majengo huchanganya humo humo maji ya bomba na maji ya kisima cha jengo, yenye chumvi na yasiyopimwa. Mwisho wa safari ni dumu lisilooshwa, ndoo isiyo na mfuniko, na kikombe kinachochovywa pamoja na vidole vya mchotaji.

Ni kweli kwamba maji yanaweza kutoka mtamboni yakiwa salama na kumfikia mnywaji yakiwa na maradhi. Lakini sehemu kubwa ya uharibifu huo hutokea katika hatua za mwisho, na hatua hizo za mwisho zimo mikononi mwetu.

Twahara ni jambo moja, usalama ni jingine

Hapa panahitaji ufafanuzi wa kifiqhi, kwa sababu tumewasikia baadhi ya ndugu wakisema: "Maji haya tunatawadhia, basi hata kunywa yanafaa." Wanavyuoni wa fiqhi wameiweka hukumu ya maji katika sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Maji mengi yasiyobadilika sifa hizo kwa najisi hubaki twahara, na udhu wake ni sahihi. Hiyo ni hukumu ya ibada, nayo ni rehema, kwani imewekwa kwa kile ambacho kila mja anaweza kukitambua kwa macho, ulimi na pua.

Ama vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havionekani kwa macho, havina ladha wala harufu. Maji yaliyo twahara kwa udhu yanaweza kumlaza mtoto hospitali akiyanywa. Sheria yetu inayokataza mtu kujidhuru na kuwadhuru wengine ndiyo inayotutaka tuyatibu maji ya kunywa na kuyapima.

Na tukitaka kuona adabu ya vyombo, Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) aliwaamrisha Masahaba zake kufunika vyombo na kufunga midomo ya viriba vya maji usiku, kama alivyopokea Jabir (r.a.) katika hadithi iliyothibiti katika vitabu sahihi. Karne nyingi kabla ya kujulikana vijidudu, Muislamu alifundishwa kwamba chombo cha maji kisiachwe wazi. Tangi la msikiti lisilo na mfuniko linavunja sunna ambayo hata nyanya zetu waliokuwa na mitungi hawakuivunja.

Chupa huenda wapi baada ya futari?

Tuirudie chupa. Chupa hizi hutengenezwa kwa plastiki inayotokana na mafuta ya petroli. Haiozi kama ganda la ndizi. Hukatika vipande vidogo, na vipande hivyo vikawa vidogo zaidi, mpaka visionekane, lakini huendelea kuwapo ardhini, mitoni na baharini.

Nchi yetu haikulala katika suala la plastiki. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara, baada ya ndugu zetu wa Zanzibar kututangulia kwa miaka mingi. Sote tunakumbuka jinsi wauzaji wa sokoni walivyobadilika ndani ya muda mfupi, vikapu vikarudi mikononi mwa akina mama. Mwaka 2023 ikafuata marufuku ya ule utando mwembamba wa plastiki uliokuwa ukizungushiwa kifuniko cha chupa. Chupa yenyewe, hata hivyo, imebaki mikononi mwa dhamiri ya mnywaji.

Maji ya mvua ya upande huu wa mji huteremkia Bonde la Msimbazi. Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, ukapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha ukaingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Kila anayeishi Kariakoo anaijua Jangwani wakati wa masika: barabara hufungwa, nyumba huzama, na kituo cha mabasi ya mwendokasi kimewahi kufunikwa na maji zaidi ya mara moja. Mafuriko ya Desemba 2011 yalichukua roho za watu, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Hatusemi kwamba chupa ndizo zilizoleta mafuriko. Yapo makubwa zaidi: mvua kubwa, ujenzi wa bondeni, na ardhi iliyofunikwa kwa saruji isiyonyonya maji. Lakini mtaro uliozibwa na chupa hauwezi kupitisha maji, na maji yasiyopita hutafuta mlango wa jirani.

Chupa isiyofika mtaroni huchomwa uani, na moshi wake huvutwa na watoto wanaocheza hapo hapo. Ama husafiri hadi dampo la Pugu Kinyamwezi, au hubaki pembeni ya nyumba ikikusanya maji ya mvua. Mbu aenezaye homa ya dengi huzaliana katika vyombo vidogo vya namna hiyo, na jiji letu limeonja homa hiyo mwaka 2014 na tena mwaka 2019.

Wapo, alhamdulillah, wanaoziokota. Vijana na akina mama waokotao makopo hupita alfajiri na magunia yao, wakaziuza kwa kilo kwa wanunuzi wa plastiki chakavu. Kazi yao ni halali na ni msaada kwa mji mzima, nasi tunastahili kuwaheshimu kwa kuwatengea chupa safi, zisizochanganywa na mabaki ya futari. Lakini si haki kuwategemea wao pekee wasafishe kile ambacho sisi tungeweza kutokukizalisha.

Kuhusu afya, Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walitangaza kwamba lita moja ya maji ya chupa walizozipima ilikuwa na wastani wa vipande vya plastiki vipatavyo 240,000, vingi vikiwa vidogo mno. Madhara ya vipande hivyo kwa mwili bado yanachunguzwa, na hatusemi kwamba chupa ni sumu. Tunasema tu kwamba aliyeikimbia hatari ya bomba kwa kudhani chupa haina lolote ndani yake ila maji, hajapata alichodhani.

Mstari uliowagawa waumini

Pamoja na hayo yote, jambo linaloisumbua kamati yetu zaidi ni jingine.

Tazama msikiti wowote wa katikati ya mji saa kumi jioni. Mfanyabiashara ameingia kuswali Alasiri, mkononi ana chupa yake ya baridi. Mwalimu wa madrasa naye amenunuliwa moja. Wazee wamewekewa katoni karibu na mihrabu. Na nje, penye mabomba ya udhu, watoto wa madrasa wanakinga viganja na kunywa. Hawana shilingi mia tano. Wanakunywa kilichopo, kiwe kimetoka katika tangi safi au tangi lenye tope la miaka mitatu.

Hapo ndipo chupa inapotudhuru bila ya sisi kuhisi. Siku wenye uwezo walipokuwa wakinywa kutoka bomba lile lile, tangi likinuka, malalamiko yalifika kwa mwenyekiti kabla ya Isha. Walipohamia kwenye chupa, sauti zao zilihama nao. Bomba likabaki la wasio na sauti: mtoto, mfagizi, mbeba mizigo aliyeegesha mkokoteni wake nje, msafiri asiye na nauli. Uchafu wa tangi hauwaumi tena wale wanaoweza kulisafisha.

Na hali ya msikitini ndiyo hali ya nyumba zetu. Baba anakunywa ya chupa dukani. Nyumbani, dada wa kazi na watoto wanakunywa ya ndoo. Wapo akina mama waliotuambia kwamba maji ya chupa nyumbani kwao ni "ya wageni". Mgeni ni wa kukirimiwa, hilo halina shaka, lakini amana ya kwanza ni ya watoto waliomo ndani ya nyumba.

Waliotutangulia waliyafanya nini?

Mtume (s.a.w.) amefundisha, katika hadithi iliyopokelewa na Abu Daud, kwamba Waislamu ni washirika katika vitu vitatu, na kimojawapo ni maji. Masahaba waliielewa kazi hiyo. Madina ilipokuwa na uhaba wa maji matamu, mwenye kisima cha Ruma aliyauza kwa watu, na Mtume (s.a.w.) akahimiza kinunuliwe kwa ajili ya Waislamu. Uthman bin Affan (r.a.) alikuwa tajiri, angeweza kuinunulia familia yake maji kila siku bila kuona uzito. Yeye alikinunua kisima chenyewe, akakitoa kwa wote, naye akawa anachota kama wachotavyo wengine.

Saad bin Ubada (r.a.) alipouliza sadaka iliyo bora kwa ajili ya mama yake aliyefariki, alielekezwa kwenye maji, akachimba kisima kwa jina la mama yake. Zubaida, mke wa Khalifa Harun al-Rashid, amebaki na jina jema hadi leo kwa mifereji aliyoijenga kuwafikishia maji mahujaji wa Makka. Na katika pwani yetu wenyewe, Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, aliyaleta maji safi ya chemchemi za nje ya mji hadi Mji Mkongwe kwa mabomba. Katika mifano yote hiyo mwenye uwezo aliitumia mali yake kuyasogeza maji karibu na kila mtu.

Ipo pia hesabu ya kiasi. Anas bin Malik (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kibaba kwa lugha yetu, na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Kibaba hicho, kwa makadirio ya wanavyuoni wengi, ni kama robo tatu ya lita au pungufu yake kidogo. Yaani udhu wake kamili ulikaribiana na chupa moja ndogo ya maji. Anayefungua koki hadi mwisho huku akizungumza na jirani yake humwaga maradufu ya hayo kabla hajafika kwenye miguu. Tukilalamika kuhusu mgao, na tuanze kuulinda mtiririko wa koki zetu.

Tunayoweza kuyafanya

Kamati yetu imekubaliana kuyafanya yafuatayo kabla ya Ramadhani, na tunayaeleza hapa ili kamati nyingine na familia zichukue linalowafaa.

Kwanza ni tangi. Litatengwa tangi moja kwa maji ya kunywa tu, lisilochanganywa na maji ya kisima. Kila baada ya miezi sita litamwagwa, litasuguliwa, litatiwa maji yenye klorini yalale humo usiku mzima, kisha litasuuzwa kabla ya kujazwa tena. Mfuniko utafungwa, na mtu mmoja mwenye jina linalojulikana atakabidhiwa ufunguo. Jukumu la wote bila mwenyewe huwa si jukumu la yeyote.

Pili ni kupima. Sampuli ya maji itapelekwa katika maabara ya ubora wa maji ili kuangaliwa vijidudu vinavyotokana na kinyesi, ambavyo havitakiwi kuwapo hata kidogo katika maji ya kunywa. Matokeo yatabandikwa ubaoni penye matangazo ya darsa, yawe mazuri au mabaya. Imani kwa bomba hairudi kwa kuambiwa "aminini". Hurudi kwa karatasi inayosomeka na kila mtu.

Tatu ni chombo. Maji ya kunywa yatawekwa katika vyombo vyenye mfuniko na bomba dogo chini, ili mtu asichovye kikombe. Waliokwenda Hija wanakumbuka majagi ya Zamzam yaliyopangwa misikitini, kila mtu akijikingia. Vikombe vyetu vitakuwa vya bati, vitaoshwa kwa sabuni, na zamu ya vijana imekwisha kupangwa.

Nne ni fedha. Anayetaka kutoa katoni za maji kwa thawabu za mzazi wake aliyetangulia hatazuiwa. Atashauriwa kwamba fedha ile ile inaweza kununua chujio, kubadilisha koki zinazovuja, au kulipia upimaji wa mwaka mzima. Katoni humalizika jioni ile ile. Koki na chujio humhudumia mtoto wa madrasa hata baada ya Idi, na sadaka yenye kuendelea ndiyo tunayoitafuta kwa wazazi wetu.

Ama nyumbani, mambo ni mepesi. Maji yachemshwe hadi yatokote kwa dakika moja nzima, yapozwe yakiwa yamefunikwa, yahifadhiwe katika chombo hicho hicho au kingine kilichooshwa. Wanaoona gharama ya gesi au mkaa ni kubwa watumie dawa ya klorini inayouzwa madukani kwa ajili ya maji ya kunywa, wafuate kipimo kilichoandikwa, wakasubiri nusu saa. Na ikiwa hakuna fedha ya moto wala ya dawa, chupa ile ile tunayoilalamikia ina msaada: ikiwa angavu, isiyozidi lita mbili, ikajazwa maji yasiyo na tope na kulazwa kwenye jua kali kwa saa sita, miale ya jua huua vijidudu. Siku za mawingu mengi iachwe siku mbili mfululizo.

Katika walima, akika, maulidi na hitma, wenye shughuli wakodi majagi makubwa, au wachukue zile chupa kubwa za ofisini zinazorudishwa kiwandani kujazwa upya. Pakilazimika kutumia chupa ndogo, pawekwe magunia maalumu, na mwokota makopo wa mtaani aitwe ajichukulie.

Hatukusema kwamba chupa iharamishwe. Mgonjwa, msafiri, mtaa uliokumbwa na kipindupindu au uliokatikiwa maji wiki nzima, wote hao chupa ni msaada kwao. Anayenunua aangalie nembo ya Shirika la Viwango Tanzania na kifuniko kisichochezewa. Wala hatuwasahau vijana wanaojipatia riziki kwa kuuza maji kwenye ndoo za barafu mitaa ya Msimbazi na Kongo. Mpita njia mwenye kiu atawahitaji daima. Tunachokiomba ni kwamba nyumba ya Mwenyezi Mungu, yenye tangi, mabomba na kamati, isiwe mteja wa kudumu wa chupa kwa sababu tu imeshindwa kupanda juu ya paa na kuosha tangi lake.

Qur'ani Tukufu, mwishoni mwa Suratul-Mulk, inatuuliza: maji yetu yakididimia ardhini, ni nani atakayetuletea maji yanayotiririka? Waumini hujibu swali hilo kwa ndimi zao kila wanapoisoma sura hiyo usiku. Kwa mikono, jibu letu mwaka huu litaanza kwa ngazi, brashi na ndoo ya klorini, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Shaabani baada ya swala ya Alfajiri. Wazazi wa watoto wa madrasa wanakaribishwa kuwapo, na anayetaka kuonja maji ya kwanza baada ya tangi kujazwa na kupimwa, atawakuta wajumbe wa kamati wameshatangulia kuyanywa.